Marehemu Yuko Zamu

Asubuhi ile Mot aliinuka kitini na kuketi tena mpaka kiti chenyewe kikaanza kulalamika. Skrini ilikuwa inamwambia kwamba Kaka Chang, muuguzi wa wodi ya wanawake, yuko kazini tangu mapambazuko: amepima presha za wagonjwa, ameandika joto la bibi wa kitanda cha dirishani, ameagiza uji usio na chumvi. Kazi nzuri, haina kasoro, ila tu Kaka Chang alikuwa mtawa. Mvua zilipoanza alichukua likizo, akanyolewa nywele na nyusi mbele ya hospitali nzima, akavishwa nguo ya manjano, na Mot mwenyewe ndiye aliyemshikia mwavuli kwenye maandamano. Sasa yuko hekaluni ng'ambo ya mto mpaka mvua ziishe, na mtawa haruhusiwi kumgusa mwanamke hata kwa ncha ya kidole, sembuse kumfunga kitambaa cha presha.

"Ama tumepata muujiza," Mot akajisemea, "ama tumepata mwizi." Akainuka tena.

Mot maana yake ni sisimizi. Katika mji ule hilo halimchekeshi mtu. Mtoto akizaliwa hupewa jina kubwa la kitambulisho, refu na la kupendeza, halafu hupewa jina dogo la nyumbani, na hilo dogo ndilo atakaloitwa mpaka siku ya kuchomwa maiti yake. Chang ni Tembo. Mkuu wa wodi ya wanawake aliitwa Uan, yaani Mnene, ingawa akisimama kiubavu ulimpoteza. Watu hufanya kazi pamoja miaka na miaka bila kujuana majina ya vitambulisho, na wanapendana hivyo hivyo. Kompyuta peke yake ndiyo haiwezi. Kompyuta haimjui Tembo wala Mnene, inamjua mtu wa kitambulisho na namba yake, na kati ya kompyuta na watu alisimama Mot kama mkalimani, akiwa na meza moja, feni moja na dirisha linalotazama maegesho ya pikipiki.

Kazi yake ilikuwa kugawa milango. Mfamasia aone dawa, jikoni waone chakula, mhasibu aone malipo, muuguzi aandike kwenye mafaili ya wodi yake na asichungulie ya jirani. Anayekuja anafunguliwa, anayeondoka anafungiwa. Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayejua kuwa ipo, na mtu mwingine angeifanya huku amelala. Mot hakuwa mtu wa kulala. Nyumbani alifunga mlango, akapanda kitandani, akashuka kwenda kuutikisa. Mkewe alikwisha kuzoea, siku hizi alimwambia tu, "Ukiutikisa, nisalimie." Kazini ilikuwa hivyo hivyo. Akaunti ikibaki wazi pasipo mwenyewe, mguu wake ulianza kucheza chini ya meza, na haukutulia mpaka aifunge.

Basi akaenda wodini.

"Dada Uan," akasema akiwa mlangoni, "nimekuja kumtazama Kaka Chang."

Dada Uan hakuinua macho kwenye trei ya dawa. "Ukimwona, mwambie anisamehe, mshumaa wa kumpelekea nimesahau."

"Amepima presha za wodi nzima asubuhi hii."

"Alikuwa mchapakazi siku zote yule."

"Dada, mtu ni mtawa!"

"Na wewe una dhambi gani, Mot, mpaka unamfuatafuata mtawa?" Wauguzi wawili waliokuwa wanakunja mashuka wakacheka. Hakuna aliyekana wala aliyekiri. Ndivyo walivyo watu wa pale, kumtaja mwenzako hadharani ni aibu kubwa kuliko kosa lenyewe, na Mot naye aliona haya kuuliza mara ya pili. Alizunguka wodi akijifanya anakagua nyaya. Ndipo akamwona muuguzi Kop amejibanza kwenye kompyuta ya pembeni, tumbo la mimba likigusa ukingo wa meza, na kwenye kioo mbele yake, wazi kabisa, jina refu la kitambulisho la Kaka Chang.

Kop ni Chura, na kweli alikuwa na macho makubwa. Alipomwona Mot hakukimbia. Alimalizia kuandika joto la mgonjwa, akafunga, akasema, "Twende nje, Kaka Mot. Hapa wataniombea msamaha kwa sauti."

Walikwenda nyuma ya jiko, karibu na kijumba cha mizimu cha hospitali, ambacho kila asubuhi mtu huweka chupa ya soda nyekundu yenye mrija. Kop alikalia ndoo iliyopinduliwa. Mot hakukaa.

"Unajua nimebadili jina," Kop akasema.

Mot alijua, maana karatasi ya ofisi ya wilaya ilipitia kwake. Kop alipoteza mimba ya kwanza, watu wakasema bahati mbaya. Akapoteza ya pili ikiwa kubwa, mtoto ameshaanza kumpiga mateke, na hapo watu wakaacha kusema. Mama yake alimpeleka kwa mtawa mzee anayehesabu herufi, naye akalihesabu jina la kitambulisho herufi kwa herufi. Jina lile lina herufi isiyopaswa kuwemo kwa mtu aliyezaliwa siku kama yake. Linakula kilicho tumboni. Kop akaenda wilayani, akapanga foleni, akatoka akiwa Pimlapat. Jina la zamani sitaliandika hapa. Mwenyewe aliomba lisitajwe, na mimi si mtu wa kumkatalia jambo dogo kama hilo.

"Nikakubadilishia," Mot akasema. "Kwenye kioo unasomeka Pimlapat. Kila mtu anaona Pimlapat."

"Wanaona wao. Mimi ninaandika nini ili niingie?"

Mot akaitazama chupa ya soda.

"Kila asubuhi," Kop akasema, "nikifika, kabla sijanawa hata mikono, kompyuta inaniuliza mimi ni nani. Na mimi natia jina lile. Kwa vidole vyangu. Nimelala ndani ya jeneza hekaluni, Kaka Mot, wakanifunika kitambaa cheupe, watawa wakanisomea kama maiti, nikainuka mtu mpya, mama yangu akalia kwa furaha. Jumatatu yake nikaja kazini na kompyuta yako ikanirudisha ndani ya jeneza."

"Jina la kuingilia halibadiliki, mdogo wangu. Kila ulichoandika tangu uajiriwe kimening'inia hapo. Ukilikata, vyote vinaanguka."

"Ndiyo maana naazima la Kaka Chang. Mwenyewe ameniruhusu. Anasema jina lake sasa limebarikiwa."

Mot alitaka kucheka na akashindwa. Alisugua shingo. Alikuwa mtu asiyeamini herufi wala nyota, na jambo hilo lilimpa kiburi kidogo, lakini alitazama namna Kop alivyoshika tumbo kwa mikono yote miwili, na kiburi chake kikakosa pa kukaa.

"Sikiliza. Naweza kufanya hivi: jina jipya naliweka juu, la zamani linabaki chini. Wewe utaandika Pimlapat, mashine itajua yenyewe kuwa ni yule yule."

"Yaani yeye atakuwa bado yupo?"

"Chini kabisa. Haonekani."

"Kaka Mot, ukiwa na kunguni, utanunua shuka jipya ulitandike juu yao?" Macho yake makubwa yalikuwa yamejaa. "Sitaki afichwe. Nataka afe."

Mot akarudi ofisini kwake, na kabla ya chakula cha mchana akaifunga akaunti ya Kaka Chang, kwa sababu sheria ni sheria na mguu wake ulikuwa unacheza. Kesho yake Kop aliingia kwa jina la muuguzi aliyekwenda kumzika bibi yake. Mot akalifunga. Akaingia kwa jina la mwanafunzi wa mazoezi. Mot akalifunga pia. Wodi nzima ikaanza kumtazama kwa ule upole wenye miiba. Akienda kuagiza saladi ya papai mbichi kwa mama wa kantini, anawekewa pilipili za kuua ng'ombe, na mama anatabasamu. "Si unapenda mambo makali, Mot?" Mwishowe Dada Uan akampa Kop akaunti yake mwenyewe, ya mkuu wa wodi, yenye milango yote, hadi ya dawa za usingizi. Mot hakuthubutu kuifunga hiyo. Sasa wodi ilikuwa na mlango mmoja mkubwa ulioachwa wazi kwa huruma, na mambo ya namna hiyo ndiyo humharibia mtu kama yeye usingizi.

Alijaribu njia zote. Akaunti mpya ilidai namba ya kitambulisho, na namba ya Kop tayari ilikuwa imeshikwa na jina lile. Ili namba iachiwe, akaunti ya zamani sharti ifungwe. Na ili ifungwe, mashine inauliza sababu, nayo sababu zake ni tatu tu, hazina ya nne. Amestaafu: namba inabaki imeshikwa, kwa ajili ya pensheni. Amehama: inabaki imeshikwa, ikingojea hospitali nyingine. Amefariki.

Mot aliitazama hiyo ya tatu siku kadhaa. Alikuwa anaifungua, anaifunga, anakwenda kununua kahawa ya barafu, anarudi, anaifungua tena. Alijiambia kwamba ni neno tu kwenye mashine. Kisha alijiuliza, kama ni neno tu, kwa nini mikono inatoka jasho?

Akamwita Kop, akamwonyesha.

Kop alisoma sababu zile tatu taratibu. Halafu akatabasamu, tabasamu ambalo Mot hakuwa ameliona kwake tangu ile mimba ya pili.

"Hiyo hapo," akasema, akaweka kidole juu ya kioo. "Hiyo ya mwisho. Ndiyo yenyewe."

"Ni kosa, Kop. Nikikamatwa..."

"Kosa liko wapi? Amekufa kweli. Nilikuwepo kwenye mazishi."

Mot akabofya. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akajibu ana uhakika, jambo ambalo lilikuwa uongo. Baada ya hapo namba ikawa huru, akaunti mpya ikafunguka, na Kop akaketi, akaandika Pimlapat kwa kidole kimoja kimoja kama mtoto wa darasa la kwanza, akaingia. Alilia pale pale mezani. Mot akakimbilia dirishani kutazama pikipiki.

Keshokutwa yake, mtu wa maua alifika wodini na shada kubwa la mazishi.

Mashine, ikishaambiwa mtu amefariki, haikai na siri. Ilikuwa imewapa taarifa ofisi ya utumishi, na utumishi, watu wenye adabu zao, wakaagiza shada kwa fedha za hospitali, utepe mweupe, jina lile limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na chini yake: kwa masikitiko, kutoka kwa wafanyakazi wenzako. Kop ndiye aliyelipokea. Wauguzi walipiga kelele, mgonjwa mmoja akaanza kuomba dua, na Kop akalizunguka shada lile akilitazama mbele na nyuma.

"Zuri," akasema. "Mwacheni apumzike." Akaomba gari la hospitali likalipeleke hekaluni, akaenda nalo, wakalichoma.

Daktari mkurugenzi alimwita Mot. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani inayoteleza, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mtu mpole akikugombeza hujui pa kujificha.

"Mot, umemuua muuguzi wangu."

"Jina tu, daktari."

"Mshahara wake pia umekufa. Mama mkwe wake amepigiwa simu ya pole. Alikuwa sokoni, akakaa chini kwenye samaki."

"Nisamehe, daktari."

"Rekebisha." Akavua miwani. "Yule binti anaendeleaje?"

"Tumbo linaendelea vizuri."

"Basi rekebisha, lakini usirekebishe sana." Hilo ndilo agizo alilopewa, na nyinyi mnaodhani kazi za ofisini zina maagizo yaliyonyooka, karibuni mjionee.

Mot akarekebisha kila kilichoonekana. Mshahara akauhamishia kwa Pimlapat, utumishi akawaomba radhi, mama mkwe akampelekea machungwa. Jina lile akaliacha limekufa. Angestahili kutulia sasa, milango yote imefungwa na kila mtu anaingia kwa jina lake. Badala yake alianza kuwa na desturi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chochote, alikuwa anatazama kama Pimlapat ameingia. Akimwona ameingia, anapumua. Akichelewa kidogo, Mot anaanza kuzunguka meza, akiwaza juu ya ile sababu ya tatu na kidole chake mwenyewe kilivyoibofya. Kama jina linaweza kula mtoto, neno alilobofya yeye haliwezi kula mtu? Alikuwa haamini mambo hayo. Alijikumbusha kila siku kwamba haamini.

Mvua zikaisha. Kaka Chang akavua nguo za kitawa na kurudi wodini, nyusi zikiwa zimeota nusu, akimtania Mot kwamba amemfungia mtu mtakatifu mlango. Tumbo la Kop lilipita mahali ambapo ile mimba ya pili ilikomea, na wodi nzima iliihesabu siku hiyo bila kuambiana.

Asubuhi moja, wiki chache baadaye, Pimlapat hakuingia.

Mot alingoja, akashindwa, akaenda mbio. Alikutana na kitanda cha magurudumu kwenye njia ya kwenda chumba cha upasuaji, Dada Uan anasukuma upande mmoja na Kaka Chang mwingine. Shuka lilikuwa jekundu chini ya miguu ya Kop. Kondo la nyuma limebanduka mapema, Dada Uan alimwambia bila kusimama, mtoto sharti atolewe sasa hivi, na daktari hawezi kupasua bila damu kuwa mkononi.

"Si ichukuliwe basi!"

"Wamekataa kuitoa. Mjomba Tia anasema mashine haimtaki."

Kop alikuwa na fahamu. Alinyoosha mkono, akashika mkono wa shati la Mot, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Kop alikuwa muuguzi, alikwisha kuelewa kabla yao.

"Ni yule," akasema. "Namba yetu moja. Kaka Mot, usimfufue."

"Kop..."

"Watakwambia umfufue. Usikubali. Watafute njia nyingine. Ukimfufua sasa atamchukua huyu, ndicho anachosubiri. Niahidi."

"Sawa," Mot akasema. "Nimeahidi." Mlango ukafungwa nyuma ya kitanda.

Akashuka ngazi kwenda kwenye chumba cha damu. Mjomba Tia, mzee mfupi aliyetunza damu ya hospitali, alikuwa amesimama mbele ya kompyuta na mifuko miwili tayari juu ya meza.

"Kundi ni lake, iko hapa, nimeipima," akasema. "Nikiweka namba yake mashine inasema mwenye namba hii amefariki. Inagoma kufungua. Bila hiyo sina ruhusa ya kuitoa nje ya mlango huu, Mot. Unajua kwa nini waliweka sheria hii. Tuliwahi kumtia mtu damu isiyo yake."

"Kwa karatasi je?"

"Karatasi inataka saini ya mkurugenzi. Yuko mkutanoni mkoani. Nimepiga, haipatikani. Nimepiga kwa dereva wake, haipatikani."

Mot akapiga yeye. Haikupatikana. Wafanyakazi wa hospitali ile, wanapougua, ni wagonjwa wa hospitali ile ile, na faili la mgonjwa linafuata namba ya kitambulisho. Alipoliua jina, kifo hakikuishia utumishi. Kilitembea kimya kimya mpaka kwenye faili la mgonjwa, kikakaa humo, na kliniki ya wajawazito, inayoandika kwenye kadi za karatasi, haikukiona. Yeye, mtikisa milango, mlango huo hakuutikisa.

Faili lingefunguka kwa njia moja. Jina lile lirudi kuwa hai, na namba irudi kwake.

Mjomba Tia akasogea, akamwachia kiti. Mot hakukaa, alifanya akiwa amesimama. Alifungua orodha ya waliofariki, akaikuta akaunti, akaagiza irudishwe. Mashine ikamwonya kwamba akaunti mpya itaondolewa, akakubali. Kisha, kwa sababu kumfufua mtu ni jambo zito hata kwa mashine, ikamtaka athibitishe kwa kuliandika jina kamili kwa mkono.

Alisimama na vidole juu ya kibodi. Mtu asiyeamini herufi, na kila herufi ya jina lile ilimtisha. Aliona uso wa Kop. Aliona wazi kabisa kwamba mtoto akifa, yeye ndiye atakayekuwa amemuua, na hakuna daktari wala kitabu kitakachomshawishi vinginevyo maisha yake yote.

Akaliandika. Herufi moja moja, mpaka mwisho.

Faili likafunguka. Mjomba Tia alinyakua mifuko, akakimbia, mzee wa watu, ngazi mbili mbili, ndala zikabaki chini.

Mot alibaki mule chumbani na friji za damu zikinguruma. Alikaa, akainuka. Aliokota ndala za Mjomba Tia akaziweka sawa mlangoni. Kisha akakumbuka kwamba Kop, akiamka, siku moja atarudi kazini na kuulizwa yeye ni nani. Akarudi kwenye kibodi. Jina jipya akaliweka juu na la zamani akaliacha chini, hai, halionekani, jambo lile lile alilokatazwa. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, na machozi yalikuwa yanamdondoka tu, hakuyafuta. Alikuwa bado anaandika Dada Uan alipochungulia, kofia ya upasuaji imemkaa upande.

"Wa kike," akasema. "Analia kama ameibiwa. Na mama yake yuko salama."

Mkurugenzi aliporudi jioni, Mot alimweleza yote. Mkurugenzi alifuta miwani kwa muda mrefu.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Na mimi sijasikia," mkurugenzi akasema, akamshika bega, akaenda zake.

Likizo ya uzazi ilipoisha Kop alikuja ofisini kwa Mot kabla ya kwenda wodini. Amenenepa, anang'aa, mtoto amefungwa kifuani, mkononi kabeba kuku wa kuchoma na wali wa kunata. Mtoto alikuwa na macho ya mama yake.

"Kaka Mot, leta mkono." Akamfunga uzi mweupe wa baraka kwenye kifundo cha mkono, akaukaza kwa fundo, akanong'ona dua. "Sijakushukuru bado. Siku ile nilikuwa naogopa sana. Nilijua wote watakubana, na wewe huwezi kumkatalia mtu. Lakini uliahidi na ukatimiza. Umeona mwenyewe? Yule alikufa, ndiyo maana huyu amekaa."

Mot alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na jambo la kweli la kusema, na lingeweza kumwua mtu.

"Nimeona," akasema.

"Nishikie kidogo, niingie hapa hapa kwako. Nimechelewa zamu." Akampakatisha mtoto, akavuta kibodi ya meza ya pili, akaandika Pimlapat, haraka siku hizi, kwa vidole vyote. "Tazama inavyonifungukia! Zamani ilikuwa inasitasita."

Kwenye skrini ya Mot, ile anayoiona yeye peke yake, jina lile la zamani likatokea kwenye orodha ya walioingia: yuko zamu. Mtoto akapiga chafya. Mot aliruka nusu ya kiti, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasikiliza anavyopumua, na kwa kiwiko akaigeuza skrini ikatazama ukuta.